Aliyoyasema Mwalimu Yaishe Mahakamani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kilikuwa hakitoki kabatini. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Yaishe. Aliendesha shule ya chekechea katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake, ambavyo kuta zake alizichora mwenyewe tembo, twiga, na samaki mmoja ambaye watoto walishikilia kuwa ni kiatu. Na ukitaka kujua hilo la Yaishe lilitoka wapi, ungekaa pale asubuhi moja tu ukajionea. Watoto wawili wakigombana, mmoja kamsukuma mwenzake au kamnyang'anya kalamu ya rangi, Mwalimu hakuuliza nani kaanza. Upelelezi wa nini? Alipiga makofi, akawasimamisha katikati ya mkeka wakitazamana, akatamka: "Kumbatianeni, yaishe!" Darasa zima likapokea, "Yaishe!" Wale wawili wakakumbatiana, makamasi kwa makamasi, na kazi ikaendelea.

Na njia yake ilifanya kazi, hilo tusimnyime. Wazazi waliipenda ajabu. Kuna baba mmoja alikuja kusimulia kwamba hata yeye na mkewe wakinuniana, kabinti kao kanawasimamisha sebuleni na kuwaamrisha wakumbatiane. Kisa hicho Mwalimu alikirudia kila mkutano wa wazazi, kila mara akikitia chumvi kidogo, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe.

Basi mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyekuwa msaidizi wake pale shuleni, akapelekwa semina ya walimu wa watoto wadogo. Akarudi na mambo. Eti mtoto afundishwe kwamba mwili wake ni wake. Eti kabla hajamshika mwenzake amuulize kwanza, na mwenzake akikataa, basi, mambo yaishie hapo.

"Aulizwe?" Mwalimu alishika kiuno. "Mtoto wa miaka minne aulizwe? Na siku ya chanjo tutamuuliza? Na kuoga, je?"

"Shangazi, chanjo ni dawa. Kukumbatiwa si dawa."

"Kwangu mimi ni dawa. Tena ya bure. Mambo ya semina yaache hukohuko semina, mama. Hapa tuna watoto wa kulea."

Mpwa akaenda jikoni, kwa sababu shangazi ni shangazi, na pia kwa sababu uji ulikuwa unataka kuchemka na kumwagika.

Haikupita muda, Mama Profesa akaja. Huyu alikuwa mwuza vitambaa, shoga yake Mwalimu wa miaka mingi, mwanamke wa kuongea kwa mikono yote miwili. Urafiki wao ulianzia kwa mtoto wake wa pekee, aliyepitia chekechea hiyohiyo na kuitwa Profesa kwa sababu ya miwani mikubwa na maelezo marefu yasiyoombwa na mtu. Sasa Profesa alikuwa kijana wa chuo kikuu. Siku hiyo mama yake aliingia akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, mikono imetulia mapajani, na hapo Mwalimu akajua kuna jambo.

"Mwenzangu, wananifungia mwanangu."

Akaeleza. Kuna kasichana hukohuko chuoni. Walikuwa marafiki, wametoka sherehe ya wenzao, mambo ya vijana, si unawajua. Kesho yake wanaongea vizuri tu mbele za watu. Baadaye kasichana kakabadilika, kakaenda polisi, kakasema kamelazimishwa. Kesi imeunguruma kimyakimya, milango imefungwa, na hakimu ameshamtia kijana hatiani. Limebaki suala la adhabu.

"Wakili anasema akipatikana mtu wa heshima zake, aliyemjua toka utotoni, akamsemea neno, hakimu atamlegezea. Nikajiuliza ni nani. Ni nani kama si wewe?"

Mwalimu hakuuliza huyo kasichana ni nani. Hakuuliza kalisema nini pale mahakamani. Alimshika shoga yake bega, akamwambia, "Nyamaza. Nitakwenda. Mtoto yule nimemfuta makamasi kwa mkono huu."

Siku ya siku akavaa gauni lake la mahafali, lile la kola, akafika mahakamani mapema. Ukumbi ulikuwa mdogo, mabenchi yamepigwa rangi ya mafuta, feni ya darini inazunguka bila kutoa upepo. Kesi ya Profesa haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja aliyeiba baiskeli. Viatu vyake havikuwa na kamba, amevivaa hivyohivyo. Alikuwa amekiri kosa. Hakimu akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu.

"Naomba mnisamehe, mheshimiwa. Sitarudia."

"Una mtu wa kukusemea?"

Kijana aligeuka akatazama mabenchi, benchi moja baada ya jingine, kana kwamba huenda mtu angesimama. Hakusimama mtu. Hakimu akaandika, kisha akasoma: miaka mitatu jela. Askari akamshika mkono akamtoa kwa mlango wa pembeni.

"Maskini," Mwalimu alimnong'oneza Mama Profesa. "Hana mtu." Na moyoni, ukweli usemwe, alijisikia vizuri kidogo kwamba mtoto wake yeye alikuwa na mtu.

Alipogeuka kunyoosha shingo, alimwona nyuma kabisa Baba Chiriku, fundi wa mageti, yuleyule aliyemchomelea geti la shule zamani, kabla hawajahamia mtaa mwingine. Binti wa fundi huyo alikuwa mwanafunzi wake Mwalimu pia, tena darasa moja na Profesa, kabinti kenye mdomo usiofunga ndiyo maana kakaitwa Chiriku. Loo, Mwalimu alifurahi! Akampungia mkono, akatabasamu meno yote. Fundi alimtazama tu, hakuinua hata kidole. Mwalimu akadhani hajamtambua, macho ya kuchomelea hayo. Mahakamani watu huja kwa mambo yao mengi, akageukia mbele.

Wakaitwa. Profesa alipanda kizimbani na suti, ameinamisha kichwa. Miwani ilikuwa midogo siku hizi. Mwalimu alipomwona alitaka kulia, jinsi alivyokonda. Mwalimu akaapishwa, akasimama wima, na wakili wa utetezi akaanza kumuuliza kwa adabu nyingi. Unamfahamu vipi? Alikuwa mtoto wa namna gani? Mwalimu alijimwaga. Mtoto mpole, mtoto msikivu, mtoto wa kugawana maandazi yake na wenzake.

"Katika muda wote uliomlea, mwalimu, uliwahi kumwona akimlazimisha mwenzake jambo lolote?"

"Sijawahi. Hata siku moja." Kisha, kwa sababu alizoea kusema mbele ya watu na kuwachekesha, akaongeza, "Huyu, mheshimiwa, hata sisimizi alikuwa akimpisha njia."

Watu wakacheka. Hata hakimu alitabasamu. Mwendesha mashtaka, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, alisimama akauliza swali moja tu, kama anamfahamu mlalamikaji.

"Simfahamu, mwanangu," Mwalimu alijibu kwa upole, "na wala sina ubaya naye."

Akarudi kwenye nafasi yake. Ni katika kurudi huko, uso umeelekea nyuma ya ukumbi, ndipo alipomwona vizuri aliyekaa kando ya Baba Chiriku. Msichana amejitanda mtandio, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mkubwa sasa, lakini uso ni uleule. Mwalimu alikaa. Alijiambia kwamba msichana amemsindikiza baba yake tu. Alijiambia hivyo mara ya pili.

Hakimu akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti moja, kama mtu anayesoma bei za vifaa vya ujenzi. Alikumbusha kwamba mshtakiwa alishtakiwa kwa kubaka, na kwamba mahakama ilimtia hatiani kwa kosa dogo zaidi, shambulio la aibu, kwa sababu kulikuwa na mashaka. Mashaka hayo yalitokana na jambo ambalo mashahidi wote walikubaliana: asubuhi iliyofuata, kwenye ngazi za maktaba, mbele ya wenzao, mlalamikaji alimkumbatia mshtakiwa.

"Mlalamikaji alipoulizwa ni kwa nini alimkumbatia mtu anayedai amemlazimisha," hakimu alisoma, "alijibu kwamba mshtakiwa alimwomba radhi, akamfungulia mikono, akamwambia yaishe. Na kwamba yeye hakujua namna ya kukataa."

Mungu wangu! Neno lake lile, la kwenye mkeka, limesomwa mahakamani na mtu mwenye joho. Akakumbuka. Sikuambii alikumbuka kwa mbali, alikumbuka kama jana: Chiriku na nywele zake za mafundo mawili, amekuja kumvuta gauni, "Mwalimu, Profesa ananibana pale kwenye ndoo ya maji. Mwambie aniache." Na si mara moja. Kila mara Mwalimu alicheka, akasema, "Anakupenda huyo," akawasimamisha kwenye mkeka. Profesa hufungua mikono kwa furaha. Chiriku husimama mikono imening'inia, na Mwalimu mwenyewe, kwa viganja vyake, humsogeza mgongoni. "Haya, mkumbatie mwenzako. Vizuri! Yaishe!" Na darasa likapiga makofi.

Hakimu alikuwa amefika mwisho. Mahakama imezingatia umri wa mshtakiwa, masomo yake, maisha yaliyo mbele yake, na hasa maneno ya mwalimu aliyemlea, ambaye chini ya kiapo ameeleza kwamba hajawahi hata siku moja kumwona akimlazimisha mtu. Kifungo cha nje, mwaka mmoja.

Mama Profesa alipiga kigelegele, askari akamkemea, akaangua kilio badala yake na kumrukia Mwalimu shingoni. "Umeniokolea mwanangu! Umeniokolea!" Alimbana kwa nguvu, na Mwalimu alisimama mikono imening'inia. Kijana wa baiskeli, mlango wa pembeni, miaka mitatu. Yalipita kichwani mwake yote hayo.

Nje, kwenye korido, watu walikuwa wanasukumana kutoka. Baba Chiriku alipita bila kumtazama. Lakini binti alipomfikia alisimama. Mtu aliyelelewa amelelewa tu, huwezi kumtoa adabu. Aliinamisha kichwa kidogo, kama zamani mlangoni asubuhi.

"Shikamoo, mwalimu."

Neno la kujibu ni moja tu, hata mtoto mchanga analijua. Mwalimu Yaishe, aliyelijibu maelfu ya mara maishani mwake, alifungua mdomo na halikutoka. Msichana alisubiri kidogo, akajiweka mtandio vizuri, akamfuata baba yake.

Aibu, jamani, ni kitu kibaya. Njaa utakula, usingizi utalala, aibu utafanya nini? Siku zilizofuata Mwalimu alikuwa anaoga anasikia uso unawaka, anapika anasikia "hata sisimizi alikuwa akimpisha njia" na jinsi watu walivyocheka, anaacha mwiko anaziba masikio kama mwehu. Alikumbuka alivyompungia mkono fundi. Mkono ule ndio uliomuuma kuliko yote. Mtu ameketi na binti yake aliyeumizwa, anasubiri haki, na wewe unampungia mkono na gauni lako la kola.

Majirani walimpongeza. Mama Profesa alikuwa ametangaza mtaa mzima. Muuza genge alimwambia, "Mwalimu, kumbe ungekuwa wakili!" Akajilazimisha kucheka, akaacha vitunguu vyake kwenye meza na kuondoka.

Shuleni alijitia shughuli. Asubuhi moja mtoto wa kiume alimsukuma kabinti kamoja, kembamba, kapya, kakaanguka na kupasuka mdomo kidogo. Mwalimu alikuwa anachonga penseli, hakuwahi hata kuinuka. Kabinti kakajiinua kenyewe. Kakajifuta damu na machozi kwa mkono mmoja, kakaenda katikati ya mkeka, kakasimama mbele ya yule aliyekasukuma na kufungua mikono. Hakuna aliyekaambia. Midomo inatetemeka, mikono imefunguliwa, kanasubiri.

"Acha!" Mwalimu alipiga kelele. "Acha! Usimguse!"

Darasa likaganda. Kabinti kakageuka kakamtazama, na hapo ndipo kilio chenyewe kilipotoka, kilio cha kuonewa. "Mwalimu, nilikuwa namkumbatia! Nilikuwa namkumbatia!" Kaliamini kamekosea. Kaliamini kamekosea kwa kutii. Mpwa akakabeba, akakatoa nje kwenye hewa, na Mwalimu akabaki amekaa kwenye kile kiti kidogo, penseli mkononi, watoto wanamtazama.

Watoto walipokwenda nyumbani alimweleza mpwa wake yote. Alidhani ataambiwa, "Si nilikuambia, shangazi?" Hakuambiwa. Mpwa alikuwa anafuta meza, akaendelea kufuta ileile moja.

"Lakini Profesa alikuwa mtoto," Mwalimu alisema. "Mtoto wa miaka mitano ana kosa gani? Anambana mwenzake kwa sababu hakuna aliyemwambia asimbane. Aliyekuwa na kosa pale ni mtu mzima, na mtu mzima ni mimi. Sasa nikaseme nini? Kwamba alikuwa mbaya toka chekechea? Hakuwa mbaya."

"Hukuulizwa kama alikuwa mbaya, shangazi. Uliulizwa kama uliwahi kuona."

Mwalimu alichukua kitambaa cha pili, akaanza kufuta meza iliyofuata.

"Niliona," alisema.

Kwanza alikwenda dukani kwa Mama Profesa, maana hakutaka kumzunguka mtu. Alimkuta anapima kitambaa kwa mteja, mikono inaruka. Mteja alipotoka Mwalimu akasema anakwenda kwa mwendesha mashtaka kurekebisha aliyoyasema. Anasikia watakata rufaa juu ya adhabu, na hataki maneno yake yakae pale kama yalivyo.

Mama Profesa alicheka kwanza. Alidhani ni utani.

"Yaani unataka kumzika mwanangu?"

"Nataka kusema nilichokiona."

"Ulichokiona! Watoto wanacheza! Mwenzangu, una akili timamu kweli? Kesi imeisha, mtoto amerudi nyumbani, anakula, analala, wewe unakwenda kuchokoa!"

"Ulijua ni Chiriku?"

Mikono ya Mama Profesa ikatua juu ya marobota.

"Ulijua," Mwalimu alisema.

"Ningekuambia ungekuja?" Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Ni wangu wa pekee. Wewe hujazaa, hujui."

Hilo lilikuwa la kumpiga mtu pasipo na nyama, na wote wawili walijua. Mwalimu aliutazama mkasi uliokuwa juu ya meza, akautazama uso wa shoga yake, akajua kwamba hata akimpenda namna gani, hapa ndipo urafiki wao umefikia. Akatoka. Nyuma yake alisikia, "Na usikanyage tena hapa! Usikanyage!"

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa chumba kimoja, majalada yamerundikwa mpaka kwenye dirisha. Dada yule mwembamba alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kama anaelewa kwamba aliapa, na kwamba anaweza kuulizwa kwa nini alisema uongo.

"Sikujua kuwa ni uongo niliposema," Mwalimu alijibu. "Nilijua nilipoketi. Lakini niliendelea kuketi. Ningeweza kusimama, sikusimama."

Dada akaandika. Alisema hamwahidi kitu. Mambo ya ndoo ya maji ya chekechea hayatamfunga mtu, wala hayapaswi. Lakini maneno ya hakimu yaliegemea maneno yake, na yakiondoka yale, adhabu ile itasimama kwa miguu gani? Hilo watalisemea kwenye rufaa. Mwalimu akatia sahihi, herufi zimekaa upande kama za wanafunzi wake.

Alipotoka pale alijisikia mwepesi. Ndiyo, lazima tuliseme hili pia, maana ndilo lililomfikisha alikofika. Alijisikia ameutua mzigo. Alinunua maji akanywa yote, akasimama kivulini akajipangusa shingo, na akasema moyoni kwamba limebaki moja tu, kwenda kwa yule binti na kumwomba radhi. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia waziwazi, kwamba amepoteza shoga, amejianika mbele ya serikali, amefanya lililo gumu, na kwa hiyo huko anakokwenda kuna mtu atamwambia, haya mwalimu, basi, imetosha, usilie.

Baba Chiriku alikuwa uani anachomelea dirisha la chuma. Alipomwona aliinua kinyago cha kazi, akamtazama kwa muda, kisha akazima mashine. Habari zilikuwa zimemfikia, mwendesha mashtaka alikuwa amewapigia simu. Alikuwa mtu mwema, yule fundi, na kukaa na hasira kulimchosha. Akamkaribisha ndani. Mama wa nyumba alikuwa kazini, zamu ya mchana. Mwalimu akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ncha ya kochi. Fundi akamwita binti yake.

Chiriku alitoka chumbani, akaketi kwenye kiti cha mbali. Chuoni alikuwa hajarudi. Hakuamkia safari hii.

Mwalimu alisema. Yale aliyoyapanga yaliyeyuka yote, akasema yaliyobaki. Alisema kuhusu ndoo ya maji, na viganja vyake vilivyomsukuma mgongoni, na kwamba alimwambia anapendwa wakati alikuwa anabanwa. Alisema alipoyasikia yale ya ngazi za maktaba yakisomwa alijua nani alimfundisha. "Wewe uliniambia, mwanangu. Ulikuwa mdogo hivi na ulikuja ukaniambia nimwambie akuache, na mimi nilicheka. Nisamehe. Nimekuja kukuomba unisamehe." Akalia, kilio cha mtu mzima ambacho hakina namna ya kukificha, kamasi na yote.

Fundi macho yalimjaa machozi. Alikuwa amekaa mahakamani kila siku ya kesi ile, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyekuja kumwambia binti yake nimekukosea. "Basi, mwalimu. Basi, mama," alisema, akamgeukia binti. "Mwanangu, si unaona? Mwalimu wako, mtu mzima, kaja mwenyewe mpaka hapa. Mwambie umemsamehe."

Chiriku alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Ulivyokwenda kwa mwendesha mashtaka," alimwambia Mwalimu, "kwa hilo asante."

"Haya," baba yake alisema. "Haya, sasa msamehe."

"Sitaki, baba."

"We mtoto!" Fundi alishtuka, akamtazama Mwalimu kwa haya. "Mwalimu wako huyo! Huoni anavyolia?"

"Naona. Sitaki." Sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa amemkazia macho baba yake. "Labda siku moja. Leo sitaki."

Fundi alimgeukia Mwalimu kama watu wazima wanavyogeukiana mtoto akiwashinda, akisubiri amsaidie, aseme lile neno la busara litakalomlainisha binti. Na Mwalimu alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika ulimini. "Nakuelewa mwanangu, lakini..." Alikuwa na maneno ya miaka yote ya kazi yake, sauti yake ya mkekani iliyomshinda kila mtoto aliyewahi kukataa, na alilitaka lile neno la msamaha kuliko alivyowahi kutaka kitu. Uso ulikuwa unawaka. Alijifuta kwa kiganja.

"Mwache, Baba Chiriku," alisema. "Amesema hataki."

Akainuka. Fundi naye akainuka, amechanganyikiwa, akisema hata maji hajanywa. Mwalimu alisema asante, siku nyingine. Mlangoni aliinama kuvaa viatu, mkanda wa kimoja ukamshinda kufunga, akauacha hivyohivyo. Alipita uani, akapita lile dirisha la chuma lililokuwa bado la moto, akajifungulia geti mwenyewe. Hakuna aliyemsindikiza.